Mapezi Saba

Unaniuliza, Mhina, mbona elfu kumi na nane
na pale stendi ya zamani wanauza kwa saba.
Keti. Sogeza hilo kasha, usikanyage waya.

Ile ya saba uliniletea mwenyewe,
wiki tatu tu, inakoroma kama mtu aliyelala chali.
Niliipasua hapahapa. Ndani:
kijiti cha chuma katika tundu la plastiki,
grisi imekauka, nyeusi kama ukoko,
vumbi la saruji kutoka upande wa Pongwe,
na nyuzi za mkonge, nyembamba, zimejisokota shingoni mwa ekseli
mithili ya mkufu usiokubali kuvuliwa.
Tanga hii, Mhina.
Hewa yetu ina chumvi, hewa yetu ina uzi.
Feni iliyobuniwa na mtu asiyetujua
hufa kabla haijajua jina la mtaa.

Nikaanza na kitovu.
Kipande cha bomba la maji, nikakikereza kwa Shekue,
mashine yake inatetemeka, tulirudia mara nne.
Beringi mbili nimezitoa katika deki ya kanda za marehemu baba;
miaka kumi na tano haijaonyesha picha,
beringi bado zinateleza kama ulimi wa dalali.

Mama alisuka ukili, mimi nasuka koili.
Kidole ni kilekile: vuta, laza, bana, usiache pengo.
Mizunguko mia mbili kwa kila nguzo, nguzo nne,
shaba nyembamba kuliko unywele wako.
Nikihesabu sitaki kuitwa.
Bikombo aliniita nikiwa mia na arobaini na tatu,
chai imeiva.
Nikafumua yote.

Sasa mapezi.
Watu huliita pangaboi. Panga gani hili
ambalo likikata, limeharibu?
Hewa haikatwi, hubembelezwa ipite.
Kwa hiyo pezi karibu na kitovu limeinuka,
likifika nchani limelala,
maana ncha ndiyo inayokimbia,
na anayekimbia hana haja ya kusukuma sana.
Kati ya ncha na fremu, nafasi ya ukucha.
Ikizidi, upepo unarudi nyuma kwa mlango wa uani.

Mwanzo niliweka manane. Ni rahisi kugawa.
Nikawasha: likalia, Mhina, likalia
mpaka jirani wa cherehani akachungulia.
Siku mbili sikuelewa.
Kumbe fremu ina mihimili minne nyuma,
na mapezi manane huipita minne kwa mpigo mmoja,
gwaride, mguu sawa, mguu sawa.
Nikavunja. Nikafanya saba.
Saba na nne hazipatani kamwe:
kila pezi linapita kwa zamu yake,
kama wageni wenye adabu mlangoni.

Bado mizani. Nikaliweka juu ya nyembe mbili,
upande mzito ukashuka.
Nikaparuza. Ukashuka upande wa pili.
Mwisho lilikaa sawa kwa tone moja
la rangi ya kucha ya Bikombo.
Ndicho hicho kidoa chekundu unachokishangaa. Si urembo.

Mhina hakusema kitu.
Nikafunga skrubu nne, nikachomeka,
mwekundu, mweusi, na mwanjano wa kuhesabia mizunguko.
Akainamisha sikio. Akasubiri.
"Mbona siisikii? Haifanyi kazi?"

Nikachomoa uzi wa mkonge kwenye begi lake,
nikaushika mbele ya wavu.
Uzi ukanyooka, ukalala hewani,
ukabaki hivyo, hautikisiki,
kama kidole kinachomwonyesha mtu njia.

Aliutazama muda mrefu.
Kisha akahesabu noti, polepole, mara mbili,
akanipa elfu kumi na saba.
"Hiyo moja," alisema, "ni kwa sababu haina sauti."